Upande wa Kushoto wa Baba

Kaloleni, Nairobi
11 Mei 2025

Kaka Mulama,

Natumai barua hii itakufikia huko Lodwar kabla ya jua kuikausha. Hapa tunaendelea, kila mmoja na lake. Mvua imenyesha hadi sukuma wiki zetu nyuma ya nyumba zimelala kwenye maji. Mama Nduta wa mlango wa pili amepata mjukuu wa kike na amekuwa hashikiki kwa furaha. Binti yangu Triza yuko Kakamega akimalizia mitihani ya chuo, mwombee. Mimi bado nabadilisha zipu za mitumba Gikomba asubuhi, na mchana narudi kumpikia baba.

Usishangae kuletewa barua na simu ipo. Nyumba hii unaijua. Ukikohoa jikoni, mtu wa sebuleni anakuambia pole. Sitaki baba asikie ninayokuambia, na siwezi kusimama barabarani nikilia kwenye simu watu wakinitazama.

Mulama, baba ananidharau. Tangu atoke hospitali mwezi wa Machi, baada ya kile kiharusi, mdomo wake umenyooka na maneno yamerudi. Mkono na mguu wa kushoto ndiyo bado imemlegea. Anacheza drafti na mzee Kweyu kila alasiri, wanasimuliana habari za karakana ya reli kama zamani. Ila kwangu hana neno wala jicho. Mimi hukaa kushoto kwake, pale mlangoni, upande wa wanawake kama tulivyolelewa. Nikimwamkia, anageukia kulia na kumwitikia Kweyu, ambaye hata hajafungua mdomo. Juzi nilimuuliza kama chai imekolea sukari. Akageuka, akamwambia Kweyu, "Imekolea, asante." Kweyu akacheka. Nikaingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilirudi hapa Januari kutoka Mumias nikiwa na ndoa iliyovunjika na masanduku yangu. Nilidhani angalau kumtunza mzazi kungenipa heshima. Sasa Hirad, mwenye lojing kule Eastleigh, anatafuta mpishi wa kulala huko huko. Amenipa hadi mwisho wa Agosti nimjibu. Nikienda, baba itabidi apelekwe Butere kwa shangazi, na shangazi mwenyewe siku hizi anashikwa mkono akienda chooni.

Wewe ndiwe kifungua mimba, na ndiwe mwalimu wa bayolojia. Niambie kama nikae au niende. Na utakuja lini?

Dada yako,
Lenah


Lodwar
1 Juni 2025

Dada Lenah,

Barua yako ililala wiki nzima katika ofisi ya basi kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba bado kuna mtu anaandikiwa barua. Nimeipokea kwa mikono miwili. Mimi sijambo, joto tu ndilo linatukaanga. Mpe Mama Nduta hongera zangu, na Triza umwambie mjomba anangoja matokeo.

Nimesikitika kusoma ya baba. Lakini hebu nikueleze jambo, labda litakupunguzia uchungu. Majuzi nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za ubongo. Nilinunua kichwa cha mbuzi sokoni tukakipasua darasani, na wasichana wawili waliokuwa wakijifunika pua mwanzoni ndio waliokuwa wa mwisho kutoka. Ubongo wa mtu una uzito wa kilo moja na robo, au zaidi kidogo. Ni laini kama uji uliopoa ukaganda. Ungedhani kitu kinachotawala mwili mzima kingekuwa kigumu.

Chini kabisa kuna shina lake, linaloungana na uti wa mgongo. Hilo ndilo linaloshikilia pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini. Kwa baba halikuguswa, tumshukuru Mungu, maana lingeguswa tungekuwa tunaongea mengine. Nyuma yake, chini ya kisogo, kuna ubongo mdogo, unaotuwezesha kutembea bila kupepesuka na kuleta kijiko mdomoni bila kujichoma shavu. Juu ya hivyo vyote umekaa ubongo mkubwa, uliokunjwakunjwa ili utoshe ndani ya fuvu. Kisogoni ndipo picha za macho zinapopokelewa. Juu ya masikio ndipo sauti zinapofika. Na mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo mtu anapojizuia. Subira, adabu, kupima neno kabla halijatoka, vyote vinategemea hapo.

Nadhani kiharusi cha baba kimegusa huko mbele. Damu ikikosa kufika hapo, mtu mpole anageuka kuwa mkali, na mwenye haya anakosa haya. Kwa hiyo usimhesabie, Lenah. Si yeye, ni ubongo wake. Jikaze kidogo na umwambie Hirad asubiri.

Kazi ni nyingi muhula huu.

Ndugu yako,
Mulama


Kaloleni
15 Juni 2025

Mulama,

Salamu zako zimefika na Mama Nduta anasema asante. Triza amemaliza mitihani.

Somo lako nimelisoma lote, hata nikahisi unataka kunipa alama. Sasa nami nikuulize, mwalimu. Kama adabu ya baba imeharibika, mbona imeharibika kwangu tu? Kweyu anaambiwa karibu na asante. Mama Nduta akija na mjukuu wake huenda moja kwa moja kwenye dirisha la kulia kunakopenya jua, na baba anamchekea mtoto mpaka machozi yanamtoka. Huo ubongo wake wa mbele unajuaje kwamba huyu ni Lenah?

Macho pia usiniambie. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni mazima.

Ngoja nikuambie anavyonifanyia, maana ulidhani nazidisha chumvi. Jana nilimpikia ugali na mboga za kienyeji, mrenda na kunde, vile mama alivyokuwa akipika. Nikapakua ugali upande huu na mboga upande ule. Akaula ugali mtupu, akaumaliza, mboga hakuigusa. Kisha akamwambia Kweyu, na mimi nimekaa pale pale, "Siku hizi nyumba hii tunakula ugali mkavu. Hakuna mtu wa kuniletea hata jani." Mboga inatoa moshi mbele yake, Mulama. Kweyu akanitazama kwa huruma, hiyo nayo sikuitaka.

Hata kujinyoa sasa anafanya vituko. Ananyoa shavu moja, lingine analiacha na mvi zake. Mama Nduta alimwambia, "Mzee, hii ni staili gani? Nusu unaenda kanisa, nusu unaenda kuiba?" Baba alipapasa shavu lililonyolewa akasema liko sawa. Na kwenye drafti, wanayochezea vifuniko vya soda, Kweyu anamla soda zake zote za upande mmoja bila jasho. Kweyu ananiambia, "Huyu babako ananipea tu game bure. Ananionea huruma juu nimezeeka." Mtu aliyekuwa bingwa wa karakana nzima.

Kwa hiyo anaweza kufanya utani na kila mtu, isipokuwa mimi ambaye napewa kisogo. Ukinijibu, usiniletee mbuzi.

Na lile swali langu la mwisho hukulijibu.

Lenah


Lodwar
6 Julai 2025

Lenah dada yangu,

Leo siulizi habari za mtu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nikaona nilivyokosea. Sikutazama mbele wala nyuma, nilikimbilia kufundisha.

Nijibu moyoni mwako unaposoma. Mboga uliyompakulia ilikuwa upande gani wa sahani? Shavu analoliacha ni lipi? Soda zinazoliwa na Kweyu ziko mkono gani wa baba? Na wewe mwenyewe unakaa wapi?

Vyote ni kushoto. Hakudharau mboga, Lenah, wala hakukudharau wewe.

Ubongo mkubwa una nusu mbili, na nyuzi zake zinapishana njiani, kwa hiyo nusu ya kulia ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kushoto. Hilo tulilijua tangu hospitalini. Nililosahau ni kwamba nusu hiyo ya kulia ina kazi nyingine. Ndiyo mlinzi mkuu anayeangalia kila upande na kutuambia kuna nini. Nusu ya kushoto nayo inalinda, lakini inalinda zaidi upande wa kulia. Kwa hiyo anayeumia nusu ya kushoto bado ana mlinzi mmoja wa pande zote. Anayeumia ya kulia, kama baba, upande wake wa kushoto unabaki bila mtu. Macho yanaona, lakini hakuna anayeyasikiliza. Na mgonjwa hajui kwamba kuna kitu kinakosekana. Kwake dunia imekamilika, ila haina kushoto. Ndiyo maana alilipapasa shavu moja akaridhika.

Hata sauti yako, akiisikia inatoka kushoto, ubongo wake unaihamisha kulia, na kulia amekaa Kweyu. Alikuwa anakujibu kwa heshima zote. Alikuwa anamtazama mtu mwingine tu.

Fanya hivi. Akifika katikati ya chakula, izungushe sahani nusu mzunguko, usiseme kitu, utazame. Kisha toka hapo mlangoni. Kaa kulia kwake, kwenye kiti changu. Najua tangu tukiwa watoto hakuna aliyekikalia, na najua wewe hungekikalia bila ruhusa. Nimekupa ruhusa.

Niandikie haraka.

Mulama


Kaloleni
27 Julai 2025

Kaka Mulama,

Pokea salamu za nyumba nzima, na safari hii namaanisha nyumba nzima. Triza amerudi na kutukuta wazima, na analala chini bila kulalamika.

Nilianza na sahani. Baba alimaliza ugali wake mkavu, nikaizungusha. Akaikodolea mboga macho, akasema, "Ah, leo wameleta." Akala yote akalamba vidole. Nilienda jikoni nikacheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Triza akaniuliza, "Mathe, uko sawa kweli?"

Kiti chako kilinichukua siku kadhaa. Nikajikaza Jumapili baada ya kanisa, Kweyu akiwa bado hajafika. Nilikaa. Baba alikuwa anapangusa miwani yake. Akainua uso, akanitazama, Mulama, akanitazama machoni. Akasema, "Lenah." Nikasema, "Baba." Akasema, "Kila siku nakusikia unaongea huko jikoni. Mbona ulikuwa huji kukaa na mimi?"

Wakati huo wote nilikuwa nimekaa karibu naye hivi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Siku niliyorudi kutoka Mumias, baba alinipokea mbele ya Mama Nduta na wengine. Alisema, "Msichana niliyemtoa kwa baraka za kanisa hana kiti hapa. Ukitaka kukaa, kaa pale mlangoni, kama mgeni yeyote." Mwezi uliofuata akaanguka. Ndiyo sababu sikuwahi kusogea kutoka pale, si kwa sababu ya upande wa wanawake peke yake. Nilikuwa natii. Na aliponipa kisogo, niliona anaendelea na neno lake. Hata sasa sijui kama akili yake inakumbuka aliyoyasema, na naogopa kumuuliza.

Jambo la mwisho. Alikitazama kiti akasema, "Hicho ni cha Mulama." Nikamwambia ni wewe mwenyewe uliyeniruhusu. Akasema, "Basi Mulama hatakuja." Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Hirad amenikumbusha. Bado sijamjibu, lakini usiku nalala.

Dada yako,
Lenah


Lodwar
17 Agosti 2025

Lenah,

Habari za kwenu? Nafurahi Triza yuko nyumbani. Hapa upepo umevuma wiki nzima, vumbi hadi kwenye chumvi.

Nimeyasoma maneno ya baba aliyokuambia Januari. Pole. Ningekuwepo ningesema kitu. Na yale ya kiti nimeyasoma zaidi ya mara moja.

Nina ujumbe ambao hutaupenda. Hapa hospitali yetu kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jina lake Kaluki, mtu asiye na maneno mengi. Nilimsimulia habari za baba nikijisifu kidogo kwamba nimeutambua ugonjwa kutoka mbali. Akanisikiliza akasema nimefanya nusu ya kazi. Anasema ilikuwa vizuri ukae kulia ili mzee ajue upo. Lakini ukibaki huko, na sahani ikizungushwa daima, na kila anachokipenda kikiletwa kulia, ubongo wake hautakuwa na haja ya kutafuta kushoto tena. Utazoea nusu dunia.

Ubongo si kama jiwe lililovunjika, Lenah. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini zile zilizo kando yake hujifunza kubeba mzigo zikilazimishwa, tena zikilazimishwa kwa jambo ambalo mtu analitaka kwa moyo. Kaluki anasema awekewe kushoto kitu ambacho hawezi kukiacha. Nilimwambia baba anapenda redio. Akaniuliza kama hakuna anachokipenda zaidi ya redio.

Kwa hiyo urudi upande ule, kidogo kidogo. Mwite, mguse mkono wa kushoto ili ajue pa kuanzia, kisha ungoje. Usimsogelee. Mwache atafute.

Najua ninachokuomba. Kuhusu kuja kwangu, tutaongea.

Mulama


Kaloleni
12 Oktoba 2025

Kaka Mulama,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikasirika, na sikutaka kukuandikia kwa hasira. Ulinipa kiti, nikakikalia wiki chache, nikaonwa na baba yangu, halafu ukaniandikia nirudi mlangoni. Barua ile niliiweka chini ya godoro nikaapa siendi popote. Salamu na habari nimezisahau, nisamehe. Triza amepata kibarua Industrial Area na Mama Nduta anaumwa magoti.

Mwisho wa Agosti ulifika nikiwa bado kwenye kiti chako. Hirad alipiga simu. Nilimtazama baba, amegeuka kunitazama kulia, ameridhika, na mkono wake wa kushoto umening'inia nje ya kiti umebanwa na mguu wa meza, na hana habari. Umevimba, yeye anacheka na mimi. Hapo nikaelewa alichosema Kaluki. Nikamwambia Hirad amtafute mwingine, na yeye, mstaarabu kama alivyo, akanitakia heri. Sasa siwezi kusema nitaondoka, maana hapo kwa Hirad kuna mpishi tayari.

Nikaanza kusogea. Kwanza nyuma kidogo ya meza, kisha mbele yake kabisa, kisha ng'ambo ya katikati. Kila nikipita pale katikati nilikuwa napotea. Ananiongelesha, ghafla anaanza kumuuliza Kweyu nimeenda wapi. Namwita, anatafuta kulia, anatafuta kulia zaidi, anakasirika. Namgusa mkono wa kushoto kama ulivyoniambia, anasema, "Nani ameacha mkono hapa?" Kweyu alitaka kucheka nikamkazia macho. Kuna siku nilishindwa nikakimbilia kulia nimtulize, na Kweyu, ambaye sasa anajua hakupewa game bure na ameona haya, akaniambia, "Rudi huko, Lenah. Wacha akutafute." Amekuwa mkali kuliko Kaluki wako.

Kuhusu wewe nitasema mara moja, sitarudia. Hukosi nauli, na shule hufungwa Agosti kama shule zote. Ulimwona Machi amelala na mdomo umepinda, ukaondoka kesho yake asubuhi, na tangu hapo umekuwa ukiniandikia kuhusu ubongo. Ubongo wa baba unaujua wote. Yeye mwenyewe unaogopa kumtazama. Sikulaumu, mimi pia niliogopa, nilikuwa tu sina mahali pa kwenda. Njoo Desemba.

Sasa nikuambie ya jana. Ilikuwa alasiri, Kweyu ameenda mazishini, Triza yuko kazini. Nilikaa pale pale mlangoni nilipowekwa Januari, nikimenya viazi. Sikumwita. Sikumgusa. Nilikuwa nimechoka, sikuwa nafanya zoezi lolote. Baba akasema, "Lenah." Kisu kikasimama juu ya kiazi. Akatazama kulia, kiti chako kitupu. Akatazama dirisha. Kisha kichwa kikaanza kurudi, polepole, kikafika katikati ambapo huwa kinasimama, kikasimama. Nikadhani imeisha. Akashika ukingo wa meza kwa mkono mzima, akajivuta, kichwa kikapita. Kikafika mlangoni, kikanifikia.

Akasema, "Mbona umekaa huko kama mgeni?"

Nikamwambia, "Ni wewe ulisema nikae hapa, baba."

Hakusema kwamba anakumbuka, wala hakusema kwamba hakumbuki. Macho yalimjaa machozi. Shingo ilikuwa inamtetemeka kwa kuchoka, nikaona inataka kurudi kulia yenyewe, kunakoiwia rahisi. Nikamwambia apumzike, ameniona, inatosha. Akatikisa kichwa kukataa, akaendelea kunitazama.

Dada yako,
Lenah